Sandarusi ya Mrima na Meza za Ng'ambo

Katika mji wa Salem, uliopo ufukoni mwa jimbo la Massachusetts nchini Marekani, zingali zipo nyumba za matajiri wa bahari wa karne ya 19, na katika vyumba vyake vya kulia zingali zipo meza ndefu za mti wa mahogani pamoja na viti vyake, ambazo jua la alasiri likizipiga kwa mshazari huonyesha juu ya mbao zake utando mwembamba wenye rangi ya asali, mgumu na mwangavu, uliozikinga na maji, na mvuke wa vyakula, na viwiko vya walaji wa vizazi kadha wa kadha. Mti wenyewe uliletwa kutoka visiwa vya Karibi. Ustadi wa kuuchonga ulikuwa wa mafundi wa mji ule, ambao tangu zama za Samuel McIntire, mchongaji hodari aliyefariki mwaka 1811, walikuwa na jina kubwa katika kazi ya useremala. Bali ule utando, ambao wengi huudhania kuwa ni jambo dogo la kumalizia, la kupakwa na kusahauliwa, asili yake katika vanishi zilizosifiwa kuliko zote wakati ule ilikuwa ni ardhi ya mchanga mwekundu ya Mrima, nyuma ya Bagamoyo na Dar es Salaam, na kuendelea kusini hata pande za Rufiji na Kilwa.

Nimekusudia kuieleza habari ya sandarusi, yaani ule utomvu mgumu uliochimbwa katika ardhi hiyo na kupikwa kuwa vanishi, kwa sababu naona watu wakirithi au wakinunua meza na viti vya kale, na kabla hawajauliza lolote wakakimbilia msasa na dawa ya kuchubulia rangi, wakaondoa katika asubuhi moja kitu kilichosafiri nusu ya dunia kuifikia meza ile, na ambacho hakipatikani tena sokoni kwa dhahabu wala kwa fedha. Wanaofanya hivyo si wabaya. Walifundishwa kwamba mti ndio mali na kwamba vanishi ni uchafu uliozeeka. Lau wangaliijua historia yake, naamini mikono yao ingalikuwa na hadhari zaidi.

Msandarusi ni mti wa mwambao, wa jamii ya kunde, uotao Mrima, Unguja, na Bukini (yaani Madagaska), ukatoa katika gome lake na mizizi yake utomvu ambao ukipigwa na hewa hugeuka kuwa mabonge magumu. Utomvu uliochumwa mtini ulikuwapo siku zote, nao ulikuwa na bei hafifu, kwani ni laini na hunata. Vivyo hivyo ule uliozikwa kwa muda mchache chini ya miti iliyo hai, ambao wafanyabiashara waliuita sandarusi chakazi. Iliyotakiwa ni ile ya tatu, iliyodondoka kutoka misitu iliyokufa zamani, ikafunikwa na mchanga kwa mamia na pengine maelfu ya miaka, mpaka kila kilicho chepesi ndani yake kikatoweka, ikabaki kitu kigumu kinachokaribia kaharabu. Mahali ilipopatikana kwa wingi mara nyingi hapakuwa na msandarusi hata mmoja, na kwa ajili hiyo wataalamu wa Ulaya walibishana kwa muda mrefu kama ilitokana na mti huu au na mwingine uliokwisha duniani. Aliyelikata shauri hilo ni John Kirk, tabibu na mjuzi wa mimea aliyekuwa baadaye balozi wa Uingereza Unguja, ambaye aliyatazama majani na maua yaliyonaswa ndani ya mabonge ya kale, akayalinganisha na yale ya miti iliyo hai, akatoa ithibati kwamba mti ni ule ule.

Wachimbaji wake walikuwa watu wa bara ya karibu, na hasa Wazaramo, ambao baada ya mvua kulainisha ardhi walitoka na majembe madogo, wakachimba mashimo yasiyo na kina kirefu, wakakusanya vipande vya kadiri ya kokoto na mara chache bonge la kujaza kiganja, wakavitia katika vikapu na kuvipeleka pwani kwa Mabaniani. Msafiri wa Kiingereza Richard Burton, aliyepita katika nchi ile mwaka 1857 akielekea maziwa makuu, aliwalaumu kwa uvivu, akiona ajabu kwamba utajiri kama ule unaparuzwa juu juu tu na kuachwa. Mimi siikubali hukumu hiyo. Mtu mwenye shamba lake la mtama na mpunga, ambaye anachimba katika mapumziko baina ya kilimo na mavuno, bila ya msimamizi juu ya kichwa chake, na anauza mwenyewe alichokipata kwa nguo na shanga anazozihitaji, hakuwa na sababu yoyote ya kujigeuza mfungwa wa mashimo ili kuwaridhisha wapika vanishi wa ng'ambo. Katika bidhaa zote kubwa za biashara ya Zanzibar, sandarusi ilikuwa karibu ya pekee ambayo mtu mnyonge aliweza kuipata kwa jembe lake: pembe za ndovu zilitaka bunduki, misafara na mikopo ya maelfu ya riale, na karafuu zilitaka mashamba na watumwa.

Walakini ilipofika Unguja ilikuwa imekwisha ingia katika mikono mingine. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, alitia saini mkataba na Marekani, ulioletwa na Edmund Roberts, ambao uliwaruhusu Wamarekani kufanya biashara katika milki yake kwa ushuru wa asilimia 5 juu ya bidhaa wanazoshusha. Na hata kabla ya hapo marikebu za Salem zilikuwa zimekwisha ijua njia, kwani katika hesabu iliyoandikwa ya marikebu za kigeni zilizotia nanga Unguja tangu Septemba 1832 mpaka Mei 1834, miongoni mwa 41 zilikuwamo 32 za Marekani. Mwaka 1837 akaja Richard Waters, mwenyeji wa Salem, kuwa balozi wa kwanza wa Marekani, akafanya shauri moja na Jairam Shivji, Mhindi wa jamii ya Bhatia aliyeikodi forodha, na kwa muda wa miaka kadhaa ikawa vigumu kwa mgeni mwingine kupata shehena nzuri bila ya kupita katika milango ya watu hao wawili. Marikebu zilileta merikani, ile nguo ya pamba isiyotiwa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na iliyovaliwa kutoka pwani hata Ujiji, pamoja na bunduki na baruti. Zikarudi na pembe, ngozi, na magunia ya sandarusi. Si haki kuusifu mng'aro wa meza zile tukanyamaza juu ya mabega yaliyobeba magunia hayo, kwani makuli wa bandarini wengi walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao kwa ujira wa siku, na sehemu ya ujira huo haikuwafikia wao.

Mwanzoni sandarusi ilisafirishwa na udongo wake. Kuiosha kulifanywa Salem yenyewe, katika kiwanda cha Jonathan Whipple kilichoanzishwa miaka ya 1830, ambako vipande vilirowekwa katika maji ya magadi ili lile gamba la nje lililooza lilegee, kisha vikasuguliwa kwa brashi, vikaanikwa, vikachambuliwa kwa ukubwa na rangi. Sandarusi ya kweli ikisafishwa namna hiyo huonyesha uso wa vipele vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na mnunuzi mzoefu aliitambua kwa alama hiyo peke yake, maana chakazi haina vipele. Kazi ya Whipple ilistawi mpaka mwaka 1861, ambapo serikali ya Marekani ilitoza ushuru sandarusi isiyooshwa, ikawa haina faida tena kuvusha udongo baharini, na tangu hapo kuosha kukahamia Unguja, katika maghala ya Mji Mkongwe.

Sasa nifike katika jungu la mpika vanishi, ambalo ndilo moyo wa habari yote. Sandarusi ngumu haiyeyuki katika mafuta wala katika spiriti kwa kuiroweka tu. Hapo ndipo ilipo thamani yake na hapo ndipo ilipo taabu yake. Mpika vanishi aliitia katika chungu kirefu cha shaba juu ya moto wa makaa, akaipandisha joto kupita nyuzi 300 za sentigredi, ikatoa moshi mzito uchomao macho na ikapoteza sehemu kubwa ya uzito wake, hata kufikia robo. Na katika wakati huo alisimama akiikoroga kwa fimbo ya chuma, akisikiliza na kuangalia, kwani ikitolewa mapema haitachanganyika na mafuta, na ikicheleweshwa huungua ikawa nyeusi. Ilipokwisha kuyeyuka kabisa alimimina mafuta ya kitani yaliyokwisha pashwa moto, akaendelea kuchemsha mpaka tone lililochukuliwa baina ya vidole viwili livutike kuwa uzi; ndipo akaliondoa jungu motoni, akalipeleka nje mbali na miali, akaongeza tapentaini kidogo kidogo, akiomba salama, kwa sababu mvuke wa tapentaini ukikutana na moto huteketeza karakana na waliomo. Vanishi iliyopatikana haikuuzwa siku ile. Iliwekwa katika matangi miezi mingi, na ile bora kwa miaka, mpaka takataka zote zituame na rangi yake itulie.

Ndiyo iliyopakwa juu ya magari ya farasi ya mabwana wa London na Boston, na juu ya samani za nyumbani, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikisuguliwa kwa unga wa jiwe la volkano na maji kabla ya kupakwa nyingine. Waingereza waliiita vanishi ya namna hii animi na kuihesabu kuwa ngumu kupita kopali zote za dunia, yaani utomvu wote mgumu wa jinsi ya sandarusi. Haikuwa peke yake, lakini. Tangu miaka ya 1820 ilienea Uingereza polishi ya Kifaransa, itengenezwayo kwa shelaki, yaani utomvu wa kidudu cha Bara Hindi ulioyeyushwa katika spiriti na kusuguliwa juu ya mbao kwa kifundo cha kitambaa, ambayo inang'aa haraka na kwa uzuri mno, bali haivumilii maji ya moto wala tone la mvinyo. Mapenzi ya polishi hiyo yalikuwa makubwa hata wenye meza za karne ya 18, zilizokuwa zimesuguliwa kwa mafuta ya kitani na nta tangu siku ya kwanza, waliwaita mafundi wazikwangue na kuzipaka upya. Na hivyo uharibifu ninaoulalamikia leo si mgeni, una umri wa karne mbili.

Kwa mwenye meza ya kale, basi, jambo la kwanza si kuchubua, ni kujua alichonacho. Mahali pasipoonekana, chini ya ukingo au ndani ya mguu, na aguse kwa pamba iliyochovywa tapentaini: ikitoka rangi ya kahawia na mbao zikabaki zimefifia, alichokiondoa ni nta na moshi wa taa, na pengine hakuna haja ya kufanya zaidi ya hapo. Kisha aguse kwa spiriti: ikiwa utando unalainika na kunata, hiyo ni shelaki, nayo ina rehema kubwa, kwani nyufa zake na alama zake nyeupe za vikombe huweza kuunganishwa tena kwa kifundo chenye spiriti kidogo, polishi ile ile ya zamani ikajiponya bila ya kuongezwa kitu. Lakini ikiwa spiriti imepita juu yake pasipo kuacha athari, huenda anayo mbele yake vanishi ya mafuta na kopali, na hapo namsihi apunguze mwendo. Vanishi hiyo ikizeeka hupasuka kwa mistari mingi na kutiwa weusi na vumbi lililoingia katika mipasuko. Wala haiungani tena kama shelaki. Hata hivyo mara nyingi chini ya weusi ule imebaki nzima, na kazi ya siku mbili ya kuisafisha kwa sabuni laini na maji machache, kisha tapentaini, kisha unga laini kabisa wa jiwe kwa mafuta, humrudishia mwenyewe uso ambao hakuna vanishi ya dukani ya leo inayoweza kuuiga, kwa kuwa kina chake cha rangi kilitokana na muda.

Zipo meza zilizopita mpaka huo, nakiri: zilizounguzwa na pasi, zilizoachwa mvuani, au zilizopakwa rangi ya mafuta na mtu asiyezipenda. Hizo zichubuliwe, bali kwa dawa na kikwaruzio cha mbao au mfupa, si kwa randa, na msasa utumike mwisho na kwa mkono mwepesi, kwa sababu juu ya mbao za kale ipo rangi iliyoingia ndani kwa mwanga na miaka, ambayo haizidi unene wa ukucha, na akiipita fundi atakuta chini yake mbao changa zisizolingana na miguu ya meza yenyewe wala viti vyake.

Viti vina taabu ya namna nyingine. Meza hukaa, kiti huburutwa, huinamishwa nyuma na mwenye kushiba, hubebwa kwa mgongo wake. Kwa hiyo kinachokufa kwanza ni maungio, pale ulimi unapoingia katika tundu lake. Mafundi wa zamani walitia gundi ya ngozi na kwato, nao hawakukosea, kwani gundi hiyo ikipewa maji ya uvuguvugu na mvuke huachia, kiti kikafunguka kipande kipande bila ya kuvunjika, kikasafishwa na kufungwa tena kwa gundi ile ile. Mwenye pupa hupiga msumari. Msumari hupasua ulimi, huleta kutu, na humfungia mlango fundi ajaye. Sijaona kiti cha kale kilichookolewa na msumari.

Na pwani yenyewe, iliyochimba ng'ambo ikang'aa, ilikalia nini na kulia wapi? Katika majumba ya Sayyid Said chakula kiliandaliwa juu ya sefra, meza ndefu iliyoinuka inchi chache tu kutoka chini, walaji wakaketi kuizunguka juu ya mikeka na mazulia. Habari hiyo ameieleza bintiye, Sayyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 na kuondoka Unguja mwaka 1866, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, ambamo ametaja pia vile vitanda virefu vya Bara Hindi vilivyonakishiwa, ambavyo mtu alihitaji kukanyaga kiti ili avipande. Viti vilikuwa vitu vya heshima kuliko vya matumizi. Pate, Siyu na Lamu walikuwa na kiti cha enzi, cha mti mweusi, chenye mgongo ulionyooka, mikono myembamba, mahali pa kuwekea miguu, na vipande vya pembe au mfupa vilivyopachikwa kwa nakshi, na katika mgongo na makalio kamba nyembamba iliyowambwa kwa ufumaji wa kupendeza. Nacho aliwekewa mgeni mwenye cheo, au bwana harusi, na waliosalia wakaketi barazani. James de Vere Allen, aliyekuwa mtunzaji wa makumbusho ya Lamu, aliandika juu ya viti hivi na kuonyesha jinsi vilivyo vya pwani hasa, ingawa wataalamu wameendelea kutafuta jamaa zake Misri, India na Ureno. Anayekitengeneza kiti cha namna hii asikioshe kwa maji mengi, kwani pembe hupinda na kuchomoka, wala asiipake mbao yake vanishi. Kamba peke yake ndiyo iwambwe upya pale ilipokatika, kwa ufumaji ule ule.

Meza ndefu ya kulia, yenye viti pande zote, iliingia kasri za Unguja baadaye, pamoja na samani za sesemi kutoka Bombay na vioo vya Ulaya, na Sayyid Barghash, mwana wa Sayyid Said aliyetawala baadaye na kujenga kasri la Beit al-Ajaib mwaka 1883, alipenda vitu vya namna hiyo. Wakati huo soko la sandarusi lilikuwa lingali zuri. Baada ya hapo likaanza kushuka: New Zealand ilitoa kwa wingi gamu ya kauri, Kongo ikatoa kopali yake kutoka mabwawa ya Ikweta kwa maelfu ya tani, na katika vilima vya Mrima wachimbaji wengi waligeukia mpira, kisha kodi za Wajerumani na kazi za mashamba zikabadili mambo yote. Viwanda vya Marekani na Ulaya vilipojifunza, tangu mwanzo wa karne ya 20, kutengeneza utomvu kwa kemikali, na katika miaka ya 1920 kupuliza juu ya samani lakeri inayokauka kwa dakika chache, mpika vanishi na jungu lake la shaba hawakuwa na kazi tena.

Katika kasri iliyokuwa Beit al-Sahel, ambayo tangu mwaka 1994 ni makumbusho, meza za karamu na viti vya enzi vya masultani vimewekwa katika vyumba vya chini na vya juu, na pamoja navyo limehifadhiwa kabati la fomaika la siku za mwisho za ufalme. Fomaika iliundwa Pittsburgh mwaka 1912, nayo ni karatasi zilizoloweshwa utomvu wa kiwandani na kukandamizwa kwa joto mpaka zikawa ubao mmoja; haitaki sandarusi wala shelaki, haitaki kifundo cha kitambaa wala unga wa jiwe. Meza zilizomo katika jumba lile zaweza kusafishwa na kufufuliwa leo, na baada ya miaka 50, na baada ya miaka 50 mingine, na kila fundi akaacha kazi kwa fundi atakayemfuata. Fomaika ikichubuka hubanduliwa yote, ikatupwa, ikabandikwa nyingine.